Ukubwa wa Karatasi: Barua

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mpenzi, pokea salamu zangu nyingi kuliko matone yanayogonga bati la dirisha hili. Hujambo huko uliko? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kupaka umeimaliza au umeisahau kabatini kama kawaida yako? Shemeji naye hajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu kwa kila pumzi.

Ulisema kwenye simu, kabla haijakatika, nikuandikie kila siku hata kama ni mstari mmoja, usije ukakaa huko ukihesabu mbao za dari. Basi nimechukua daftari la kurasa themanini. Nitaandika mpaka msimu huu wa mvua uishe, kisha nitakutumia lote kwa mkupuo.

Habari kubwa ni ya mdogo wetu. Madaktari wa macho wamefika hospitalini kwetu, nao watapasua kwa wiki kumi na mbili tu, halafu waondoke. Mara ya mwisho walikuja miaka mitatu iliyopita. Unajua ile presha ya macho ilivyomfanya. Sasa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Juzi alikanyaga kopo la gundi lililokuwa kando ya mguu wake mwenyewe, gundi ikamwagika kwenye mlango wa mteja aliokuwa ameshaupiga msasa. Daktari wa hapa alishamwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Upasuaji ni wa kushikilia kilichobaki. Naye seremala kilichobaki ndicho chakula cha watoto.

Jina lake limeingia kwenye orodha. Mungu ni mwema.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Nimedeki korido mara nne na bado ina nyayo.

Jumatano, 6 Machi

Leo ofisi yetu ya orodha imepata mashine mpya ya kuchapa. Nikukumbushe tulivyo, maana utatusikia sana humu. Yupo Mratibu, ndiye mkubwa wetu, mpole, mtu wa tai na sauti ya chini. Yupo Karani, anayeandika orodha na barua kwenye kompyuta. Huyo mdomo wake ni pilipili. Halafu mimi, mhudumu: kufagia, chai, kubeba mafaili, na tangu mhazili astaafu, kuchapa. Karani huweka barua kwenye flashi, mimi naichomeka kwenye mashine, nachapa, Mratibu anasaini, nakunja, natia kwenye bahasha. Wote wananiita Shangazi.

Fundi wa mashine ni yule tunayemwita Bwana Kesho, kwa kuwa ukimpigia leo atakuambia kesho, na kesho ukimpigia atasema si nilikwambia kesho. Amekuja miwani iko juu ya kichwa, anajisikia huyo, haambiliki. Nikamwuliza kibonyezo hiki ni cha nini.

"Shangazi, wewe bonyeza hapa tu. Mengine yaache yalale."

"Imeandikwa Kiingereza chote. Nitajuaje inaniuliza nini?"

Akabonyeza-bonyeza, kioo chake kidogo kikageuka Kiswahili kitupu. "Haya, sasa mtaelewana. Usije ukasema sikukufanyia kitu."

Nilimshukuru, ingawa alivyosema "Shangazi" ilikuwa kama anamwambia mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine ina maringo. Kila nikijaza karatasi inasimama, inapiga mlio, inawasha taa ya njano na kuuliza: Ukubwa wa karatasi? Bwana Kesho alinionyesha nibonyeze A4. A4 ni nini hakusema. Nabonyeza kama mtu anayeitikia "amina" kwenye sala ya lugha asiyoijua. Mratibu ametoka chumbani kwake mara tatu kwa ule mlio. "Shangazi, hiyo kitu haiwezi kunyamaza?"

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeinyamazisha.

Nilikuwa peke yangu, wenzangu wako kwenye kikao. Ikauliza swali lake. Badala ya kubonyeza A4 nikashuka chini kidogo kuona kuna nini. Kuna A5. Kuna Kisheria, nikajua hiyo ya mahakamani. Kuna Bahasha. Halafu Barua. Nikacheka kwa sauti. Jina lenyewe lipo pale, wala halijajificha. Sisi tunachapa nini humu kama si barua? Nikachagua Barua. Chini yake ikaniuliza: Kumbuka chaguo hili? Nikabonyeza Ndiyo. Basi, ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Nikajaza karatasi mara ya pili, ya tatu, haikuuliza tena.

Mratibu aliporudi akasimama mlangoni akisikiliza. "Umeifanyaje?"

"Nimesoma tu, Bosi."

Wakati wa chai akawatangazia mpaka watu wa maabara. "Fundi mzima kashindwa, Shangazi kaiweza." Karani akasema, "Tutampa na chumba cha upasuaji." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilijisikia mtu, Dada. Mimi niliyeishia darasa la saba.

Jumatano, 13 Machi

Nimechapa barua za kundi la kwanza. Ya mdogo wetu ilikuwa ya ishirini na tatu. Niliitoa ikiwa bado ina joto. Nakunakilia hapa uisome kama nilivyoisoma mimi: "Tunafurahi kukujulisha kuwa umepangwa kwenye orodha ya upasuaji wa macho ya msimu huu. Tunakutakia afya njema." Halafu mahali pa saini ya Mratibu, halafu pa mhuri. Nikaiinamia nikasali palepale, uso karibu uguse mashine.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempelekea mwenyewe, kwenye karakana yake. Alikuwa anapima fremu ya dirisha kwa vidole, futi ya chuma ipo mfukoni lakini haitoi. Nikamsomea. Akaendelea kupapasa ule ubao.

"Sasa nije lini kuuliza siku yangu?"

"Uje kuuliza nini? Umeshapangwa. Watakuita."

"Wengine wanasema ni vizuri kujionyesha. Uso ukionekana."

"Wengine hawana dada pale. Ukija kuzungukazunguka utaniaibisha. Mratibu katuambia wazi, mwenye ndugu kwenye orodha asiulizie wala asiguse. Kaa utulie, Mungu hasahau."

"Haya, Dada," akasema. Unamjua, akishasema haya habishi tena.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Choo cha wagonjwa wa nje kimefurika.

Ijumaa, 22 Machi

Karani analalamika kwamba watu hawajitokezi. "Unamwandikia mtu barua safi, halafu kimya. Kutwa kulalamika serikali hivi, serikali vile." Nikamuunga mkono. Nikasema watu wetu wanapenda kubembelezwa hata kwenye uzima wao. Naona wanaitwa kwenye kisu na hawaendi.

Wachache wanakuja wenyewe, bila kuitwa, wanasimama dirishani na kuulizia majina yao. Hao nawaona wasumbufu. Leo mmoja kaja mara mbili. Nikamwambia, "Baba, hata Mungu humpigii kelele hivyo." Karani akaandika kitu mbele ya jina lake, sikujali ni nini.

Jumatano, 27 Machi

Kundi la pili. Barua za makundi yote mawili kwa jumla ni tisini na sita. Mashine haijakosea hata karatasi moja. Vidole vinanuka wino.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepita kwa mdogo wetu. Kajikata na randa, si sana, kidole cha shahada. Amekaa kwenye gogo akitazama mlangoni, na mimi nimesimama ubavuni kwake nikimwangalia, hajaniona mpaka nilipokohoa.

Jumatatu, 8 Aprili

Wifi yetu amekuja ofisini, kajifunika khanga imelowa mpaka magotini. Nilimtoa haraka hadi nyuma, kwenye matangi ya maji, asionekane.

"Wifi, mwenzetu wa jirani kafanyiwa wiki iliyopita. Alipata barua siku moja na mume wangu. Kwa nini yeye, sisi bado?"

"Kila mtu na siku yake."

"Alikuja hapa akajiandikisha dirishani, ndivyo alivyosema mkewe."

"Hakuna kujiandikisha dirishani. Barua inatosha."

"Wewe uko humo ndani. Si uulize tu, neno moja?"

Nikampa somo zima la subira, Dada. Nikamwambia siwezi kumtumainia Mungu kwenye sala na kumsukuma kwa mlango wa nyuma. Nilijiona nimesema vizuri. Akanitazama, akakamua pindo la khanga yake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nisamehe mwandiko.

Asubuhi alifika bibi mmoja mwenye mwavuli uliovunjika mbavu. Nilikuwa nafuta kioo cha dirisha la mapokezi, Karani yuko kwenye meza yake. Bibi akauliza jina lake limefikia wapi.

Karani akatazama. "Umefutwa, bibi. Hukujibu."

"Kujibu nini, mwanangu?"

"Barua uliyopewa. Ulipewa siku kumi na nne."

"Barua niliipata, ndiyo hii hapa. Mjukuu wangu kanisomea mara tatu, nimeifanya kama wimbo. Hakuna siku kumi na nne."

"Mwambie mjukuu wako asome mpaka chini. Mstari wa mwisho, chini ya mhuri, wenye wino mzito. Nimeuandika kwa mikono yangu hii."

Bibi akanigeukia mimi. "Shangazi, hebu nisomee huo mstari. Mimi kwangu ni ukungu mtupu."

Nikaupokea ule ukurasa, nikausoma hadi mhuri. Chini ya mhuri palikuwa peupe. Nikageuza nyuma, napo peupe.

"Haupo," nikasema.

"Usinitanie asubuhi," Karani akasema. Akanyoosha mkono, akaitwaa. Akaitazama. Akafungua ile barua kwenye kompyuta, akaniita nisogee. Pale kwenye kioo mstari ulikuwepo, chini kabisa, mweusi tii: "MUHIMU: Thibitisha nafasi yako kwa kufika dirisha la mapokezi ndani ya siku kumi na nne. Asiyethibitisha ataondolewa kwenye orodha."

Akachomoa nakala ya barua nyingine tuliyoiweka kwenye faili. Haina. Nyingine, haina. Akazitandaza saba juu ya meza. Zote zimekatwa mahali pamoja, safi, kama kwa wembe.

"Nani kaukata?" akauliza, lakini si kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Bibi alikuwa bado amesimama. "Sasa mimi nifanye nini?" Karani akamwandika jina kwenye kikaratasi, akamwambia aende nyumbani, tutamwita. Alimpa na mwavuli wake mwenyewe.

Mimi nilikwenda kwenye mashine. Nikabonyeza mpaka nikafika kwenye ukubwa wa karatasi. Barua, na alama ya tiki pembeni. Sikujua bado kosa ni lipi, lakini nilijua liko humo. Ni kitu kimoja tu nilichokigusa tangu mashine iletwe.

Na palepale, Dada, ndipo nilipokumbuka nilichomwambia mdogo wetu pale karakana. Nikakaa chini sakafuni na kitambaa changu mkononi. Karani akanikuta hivyo. Hakusema utani wowote.

Kati ya watu tisini na sita, thelathini na wanne walikuja wenyewe kuulizia, akawawekea alama. Sitini na wawili walikaa nyumbani wakasubiri kwa adabu. Hao ndio waliofutwa. Wale wasumbufu wote wamepona kufutwa.

Jumanne, 16 Aprili

Bwana Kesho kaja leo, kwa mara ya kwanza amekuja siku ileile. Nikamweleza bila kuficha. Akashusha miwani machoni.

"Shangazi, Barua siyo barua."

"Ni nini basi?"

"Ni jina la saizi. Kuna nchi wanatumia karatasi fupi kidogo kuliko hii yetu ya A4, wanaiita hivyo. Waliotafsiri menyu wakatafsiri na jina. Wewe umeiambia mashine karatasi inaishia hapa." Akachukua rula, akapima kutoka chini. Milimita kumi na nane. Nikaweka kidole gumba changu pale, kikapaziba sawasawa.

"Kwa hiyo yenyewe ilijua inakata?"

"Haijui kitu. Umeiambia hakuna karatasi hapo chini, ikakuamini."

Nikamwuliza kama ni dhambi yangu. Swali la kijinga kumwuliza fundi. Akatoa kalamu sikioni, akairudisha. "Mimi ndiye niliyekuwekea Kiswahili ili uniondokee," akasema. "Ningekaa dakika kumi nikakueleza A4 ni nini, tusingekuwa hapa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwingine." Halafu akairudisha A4, akabaki kunionyesha kila kitu, mpaka Wima na Mlalo, saa nzima. Nimemdharau mtu huyu tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya miwani yake.

Jumatano, 17 Aprili

Karani na mimi tuliingia kwa Mratibu. Alituweka kwenye viti, akafunga mlango taratibu. Nilimwambia yote, Kisheria na Bahasha na Barua, kama ninavyokuambia wewe. Alisikiliza hadi mwisho na hakunikatiza. Nilishukuru kwa hilo.

"Shangazi, umefanya vizuri kusema. Sasa tusilifanye kubwa."

"Turudishe majina, Bosi," Karani akasema.

"Turudishe wapi? Nafasi zimejaa. Niliwaita kwa simu watu wa orodha ya akiba, madaktari wasikae bure. Wengine wameshapasuliwa. Nikamtoe nani bendeji?"

"Basi na hawa tuwaambie ukweli."

"Tukiwaambia, hawa madaktari hawatarudi kwetu. Watakwenda kwenye hospitali inayojua kuchapa barua. Tutakuwa tumewanyima na wale wa miaka ijayo." Alisema kwa upole uleule, na ubaya wake, Dada, ni kwamba nilimwelewa. "Kwenye kumbukumbu tutaandika hawakuthibitisha. Si uongo. Hawakuthibitisha."

Nikamwambia mdogo wangu yumo.

"Mbona hukusema mapema?"

"Ulisema tusiulizie."

Akageukia dirishani. Mvua ilikuwa inapiga. "Pole sana, Shangazi," akasema, na naamini alikuwa na maana yake. Kisha akatufungulia mlango.

Huyu ndiye mtu niliyekuwa namwombea kwa jina.

Ijumaa, 19 Aprili

Juzi sikuwa na uso, jana sikuwa na miguu. Leo nimekwenda kwa mdogo wetu na kumwambia.

Alikuwa anatafuta msumari ulioanguka, anapapasa vumbi la mbao. Nikauona, uko karibu na kiatu chake, nikauokota nikampa. Nikamweleza. Wifi alikuwa mlangoni na beseni, akasimama.

"Kwa hiyo ningekuja tu nikauliza," mdogo wetu akasema.

"Ndiyo."

"Siku ileile."

"Siku yoyote ndani ya zile kumi na nne."

Alitikisa kichwa polepole. "Haya, Dada." Afadhali angenitukana. Wifi ndiye aliyesema: "Umetufundisha subira." Akaingia ndani. Nikabaki na mdogo wetu, akaendelea na kazi. Kila msumari alitanguliza kidole, halafu nyundo.

Jumatatu, 22 Aprili

Siwezi kusali vizuri. Naanza, nafika kwenye "mapenzi yako yatimizwe", nakwama.

Alhamisi, 25 Aprili

Karani na mimi tunaandika mstari ule kwa kalamu kwenye barua za watu wanaokuja kulalamika. Hauna kazi tena. Tunauandika tu ili wakienda nyumbani wasigombane na waliowasomea. Mjukuu wa yule bibi alikuwa amechapwa viboko.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Daraja la chini limefungwa kwa siku mbili.

Jumatatu, 13 Mei

Nafasi nne zimepatikana. Wagonjwa wanne wa akiba wamekutwa na homa, madaktari wamesema hawawezi kuwasubiri. Karani kapambana na Mratibu mlango umefungwa, nimesikia sauti yake hadi kwenye korido, akatoka na ruhusa ya kuchukua wanne kutoka wale sitini na wawili, kwa kufuata aliyeandikishwa kwanza msimu ulipoanza. Bibi wa mwavuli ni namba mbili. Nimefurahi kwa ajili yake, furaha ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Mdogo wetu ni namba saba.

Jumanne, 14 Mei

Ukurasa huu nimefikiria kuuchana.

Karani alinifuata stoo nilipokuwa napanga sabuni. "Namba nne ni mwalimu wa hesabu, anakaa ng'ambo ya daraja," akasema. "Simu yake haipatikani tangu jana. Naweza kusema sikumpata. Namba tano na sita nitajua la kufanya. Halafu ni ndugu yako."

Unaona jinsi ilivyo, Dada? Yule niliyekuwa namwona pilipili ndiye aliyetaka kunibebea mzigo.

"Umempigia mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nilijua nilipaswa kusema mpigie ya tatu. Miezi miwili nimewahubiria watu dirishani, nimemhubiria wifi kwenye matangi, eti mlango wa nyuma. Nikazishika zile sabuni. Nikasema, "Fanya."

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia mdogo wetu nafasi imepatikana. Hakuuliza imepatikanaje. Wifi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Jumanne ndiyo siku ya kupimwa, Alhamisi upasuaji, Ijumaa madaktari wanaondoka.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda kusali. Nilikaa nyuma.

Jumanne, 21 Mei

Nilimshika mkono hadi chumba cha vipimo. Daktari ni mama wa makamo, mkono wake mwepesi. Alimweka kidevu kwenye kile chuma, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kushoto kwa muda mrefu. Aliniomba nibaki.

"La kulia limekwisha," akasema. "La kushoto kumebaki tundu dogo sana la kuona. Nikipasua sasa naweza kulizima palepale mezani. Siwezi kufanya hivyo. Nitampa dawa za matone ziende naye zinavyoweza."

"Zitakwenda naye hadi lini?" mdogo wetu akauliza.

"Sijui. Miezi. Huenda zaidi." Kisha akanigeukia mimi, hana ubaya wowote, anasema la kazi yake: "Mngemleta mwezi wa tatu, ningelifanya bila wasiwasi."

Tulitoka. Mdogo wetu aliuliza kama mvua imekatika. Ilikuwa inanyesha mbele yake, lakini nyepesi.

Nilimwacha kwenye benchi na wifi nikakimbia kwa Karani, maana nafasi ilikuwa wazi tena na bado kulikuwa na siku mbili. Akampigia mwalimu wa hesabu. Safari hii simu ikaita. Akapokea mwenyewe. Karani akamwambia aje kesho asubuhi kupimwa bila kukosa. Nilimsikia mwalimu akisema "Mungu awabariki", akarudia mara tatu.

Jumatano, 22 Mei

Mvua ya usiku imefunika daraja. Mwalimu alipiga simu saa mbili asubuhi akiwa ng'ambo, akapiga saa nne, akapiga saa saba. Anasema maji yako kwenye vyuma vya pembeni na askari wamefunga njia. Karani alimwambia azunguke juu. Akasema kule nako gari halipiti, na kutembea hawezi, haoni mashimo.

Alhamisi, 23 Mei

Daraja halijafunguliwa. Namba tano na sita nao wako ng'ambo ileile, na walio nyuma yao muda wa kuwapima ulikuwa umekwisha. Nafasi ya nne haikutumika. Kitanda nimekitandua mwenyewe, shuka halijakunjika.

Angepigiwa mara ya tatu wiki iliyopita, angekuwa amelala hapo.

Ijumaa, 24 Mei

Madaktari wameondoka. Mratibu alitoa hotuba fupi nzuri. Kisha akaniletea ripoti ya msimu niichape nakala tano. Niliangalia ukubwa kwanza: A4. Zikatoka zote kamili, hadi mstari wa mwisho kabisa, nao unasema: "Wagonjwa sitini na wawili hawakuthibitisha nafasi zao kwa wakati." Hakuna hata herufi iliyokatwa. Nikazibana pini, nikampelekea.

Jumapili, 26 Mei

Dada, daftari limebaki kurasa chache na kesho nitalipeleka posta.

Mdogo wetu anajifunza kupiga randa amefumba macho, makusudi, ili siku ikija isimkute mgeni. Wifi anamsomea vipimo. Naye mdogo wetu ananishukuru, Dada. Kila nikienda ananishukuru kwa ile nafasi niliyompigania, eti angalau tulijaribu. Hajui ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu naye hajui. Jana alipiga simu tena ofisini kuuliza msimu ujao ni lini, na mimi ndiye niliyepokea. Nikamwambia hatujui. Akaniuliza jina langu ili anikumbuke kwenye sala, nikamwambia naitwa Shangazi.

Nataka kwenda ng'ambo kumwambia. Nikifika kwake, mdogo wetu atasikia, na hicho kidogo anachokiamini kwangu kitakwisha. Nikikaa kimya, nitaendelea kushukuriwa. Nimelipeleka kwa Mungu siku nyingi na sijasikia chochote, au nimesikia na sitaki. Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie niende au nisiende, nami nitafanya utakavyosema.

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako.